JINO HALIOZI KWA SIKU MOJA

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati ya Kijiji

Asubuhi moja mama mmoja alifika katika zahanati yetu akiwa amemshika mkono binti yake. Binti huyo ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Hakuweza kufungua mdomo vizuri. Mwili ulikuwa wa moto.

Nilimfahamu binti huyo. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Mara zote mbili alisema jino linauma. Mara zote mbili nilimpa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi nyumbani. Sikuchukua tochi nikatazama ndani ya mdomo. Foleni ilikuwa ndefu, na watoto wenye homa walikuwa wengi. Lakini hiyo si sababu ya kutosha. Kosa lile lilikuwa langu, nami naliandika hapa ili lisirudiwe.

Mama aliniambia, "Daktari, mimi nilidhani amepona. Wiki mbili sasa maumivu yameisha kabisa, tukamshukuru Mungu. Leo ameamka hivi."

Safari hii nilichukua tochi. Gego moja la chini lilikuwa na tundu jeusi. Ncha ya kalamu ya risasi ingeingia ndani yake. Ufizi wa pembeni ulikuwa umevimba na kutoa usaha.

Mama alipoona tundu lile alisema, "Afadhali ni jino la utotoni. Litatoka, litaota jingine."

Ndugu msomaji, halikuwa jino la utotoni. Lilikuwa jino la kudumu. Likitoka hilo, halioti jingine tena. Kwa nini jino la mtoto wa miaka 9 liwe limeoza hivyo? Na kwa nini maumivu yaliisha huku ugonjwa unaendelea? Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

SI MDUDU

Bibi yake yule binti alikuwa amewasindikiza. Yeye alisema, "Ni mdudu huyo. Ameingia ndani ya jino, anakula."

Bibi si peke yake. Tangu zamani watu wa nchi nyingi waliamini hivyo. Tundu la jino linafanana na tundu la bungo ndani ya mti au fukusi ndani ya hindi. Kwa hiyo watu walifukiza mdomo kwa moshi wa mbegu ili mdudu atoke. Mbegu zikiungua hupasuka, zikatoa vipande vidogo vyeupe. Watu wakiviona husema, "Mdudu huyo ametoka!" Kumbe ni viini vya mbegu.

Mwaka 1728 mganga wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, aliandika kitabu juu ya meno. Alikuwa ametazama meno yaliyooza kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Hakuona mdudu yule.

Baadaye Mmarekani mmoja, Willoughby Miller, alifanya majaribio mjini Berlin, Ujerumani. Alichukua meno yaliyong'olewa, akayaweka pamoja na mate na mkate katika joto kama la mwili. Meno yakalainika. Alipoweka mafuta ya nyama badala ya mkate, meno hayakulainika. Mwaka 1890 alichapisha kitabu akaeleza sababu: katika mate kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula wanga na sukari, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Kwa hiyo bibi alikosea kidogo tu. Hakuna mdudu anayetafuna jino. Wapo vijidudu wengi mno, na silaha yao ni asidi.

Wazo la mdudu lina hatari nyingine. Wako watu wanaowakata ufizi watoto wachanga wenye homa au kuharisha, wakisema wanatoa "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Vile vitu vyeupe wanavyovitoa ni meno halisi ya mtoto ambayo hayajaota. Mtoto hutoka damu nyingi, hupata maambukizo, na wengine hufa. Mtoto mwenye homa au kuharisha apelekwe zahanati.

JINO LIMEJENGWAJE?

Jino si jiwe. Lina sehemu tatu, kama nazi.

Sehemu ya nje ni ganda gumu jeupe. Huitwa enameli. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mwili, hata mfupa hauifikii. Lakini enameli haina uhai wala haihisi maumivu. Kumbuka jambo hili, maana ndilo linalotudanganya.

Chini ya enameli kuna dentini. Hiyo ni laini kuliko enameli, na inahisi baridi, joto na utamu.

Katikati ya jino kuna kiini. Kiini kina mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo penye uhai wa jino, na hapo ndipo penye maumivu makali.

VITU VINNE HUUNGANA

Ili jino lioze, vitu vinne lazima viwe pamoja.

Cha kwanza ni jino lenyewe. Cha pili ni vijidudu. Hivi hukaa katika ukoga, ule utando unaonata unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Cha tatu ni sukari, chakula cha vijidudu. Cha nne ni muda.

Watu wengi husahau hicho cha nne. Ukila kitu chenye sukari, vijidudu huanza kutengeneza asidi baada ya dakika chache. Asidi hiyo huvuta madini kutoka katika enameli. Kisha mate hufanya kazi yake: hupunguza makali ya asidi na kurudisha madini katika jino. Lakini mate yanahitaji nusu saa au zaidi kumaliza kazi hiyo.

Sasa fikiri watoto wawili. Wa kwanza amekula pipi tano kwa mara moja, baada ya chakula cha mchana. Wa pili amekula pipi tano, lakini moja asubuhi, moja njiani, moja mapumziko, moja mchana, moja jioni. Sukari ni ile ile. Wa kwanza meno yake yameshambuliwa mara moja. Wa pili yameshambuliwa mara tano, na mate hayakupata nafasi ya kupumzika. Meno ya huyu wa pili yataoza upesi zaidi.

Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayekunywa chai ya sukari kidogo kidogo kutwa nzima, au anayekunywa soda kwa funda moja moja tangu saa nne hadi saa nane. Chupa ya soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 8.

JARIBU NYUMBANI

Ukitaka kuona kazi ya asidi, chukua ganda la yai. Liweke ndani ya kikombe, kamulia malimau mpaka lifunikwe. Utaona mapovu madogo. Liache mpaka kesho yake. Lishike: limekuwa jembamba na laini. Jino ni gumu kuliko ganda la yai, na asidi ya ukoga ni kidogo kuliko ya malimau. Lakini ukoga haukai siku moja tu. Hukaa kila siku, mwaka baada ya mwaka, ikiwa hausafishwi.

SAFARI YA JINO KUOZA

Jino haliozi kwa siku moja. Huenda hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni doa jeupe. Enameli imepoteza madini. Doa halina mng'ao, ni kama chaki. Mara nyingi huonekana karibu na ufizi au katika mifereji ya magego. Haliumi. Ndugu msomaji, katika hatua hii jino linaweza kupona. Ukipunguza sukari na kusafisha meno kwa dawa yenye floraidi, madini yatarudi. Doa litakuwa gumu na kung'aa tena.

Hatua ya pili ni tundu dogo. Enameli imebomoka. Tundu linaweza kuwa la kahawia au jeusi. Bado huenda haliumi. Tundu halijifungi lenyewe. Dawa yake ni kuzibwa.

Hatua ya tatu, uozo umeingia katika dentini. Hapa huenda mbio, maana dentini ni laini. Tundu la nje huwa dogo, lakini ndani ni pango. Maji baridi hushtua jino, na vitu vitamu huuma. Hapa pia jino linaweza kuzibwa likapona.

Hatua ya nne, vijidudu vimefika kwenye kiini. Hapo ndipo mtu halali. Jino linapiga kama ngoma, hasa usiku ukilala chali.

Hatua ya tano, kiini kinakufa. Kikifa, maumivu huisha. Mtu hufurahi, husema amepona. Kumbe vijidudu vinashuka katika mzizi na kutengeneza usaha ndani ya taya. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule binti. Zile wiki mbili za raha zilikuwa wiki za hatari kuliko zote.

Kwa hiyo usingoje maumivu ndipo utafute matibabu. Maumivu huja yamechelewa, na kuisha kwake si dalili ya kupona.

JINO LA MIAKA SITA

Mtoto huota meno ya utotoni 20. Huanza kutoka akiwa na miezi kama 6, na humalizika akiwa na miaka 2 na nusu hivi. Mtu mzima ana meno ya kudumu 32.

Akifika miaka 6 hivi, mtoto huanza kung'oka meno ya mbele. Wazazi wote huliona hilo. Lakini wakati huo huo, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, huota gego jipya. Gego hili halimng'oi jino lolote. Huota kimya kimya, mahali palipokuwa wazi. Yako manne: mawili juu, mawili chini, kila upande moja. Haya ni meno ya kudumu. Wazazi wengi hudhani ni ya utotoni, wakayaacha yaoze.

Tena gego hili lina mifereji mirefu, na linapoota liko chini ya mengine, kwa hiyo mswaki haulifikii. Jino la yule binti lilikuwa hilo. Liliota alipokuwa na miaka 6. Katika miaka mitatu tu lilikuwa limekwisha.

Leo jioni, mwite mtoto wako wa miaka 6 au 7. Washa tochi. Hesabu magego kutoka mbele kwenda nyuma. Lile la mwisho kabisa huenda ndilo hilo. Lisafishe kwa mikono yako mwenyewe.

Na meno ya utotoni? Hayo nayo yana kazi. Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Yakioza, mtoto hali vizuri, halali, hasomi. Pia hushika nafasi ya meno yajayo. Yakitoka mapema, ya kudumu huota yamepinda.

TUFANYE NINI?

Kwanza, safisha meno mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Usiku ni muhimu zaidi, maana mate hupungua tunapolala. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Soma maneno kwenye boksi lake. Floraidi ni madini yanayoimarisha enameli. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mzazi amsaidie mtoto mpaka afike miaka 7 hivi.

Kama huna mswaki wa dukani, mti wa mswaki unafaa. Tafuna ncha mpaka iwe kama brashi. Sugua meno yote, nje, ndani na juu ya magego, usiishie ya mbele tu. Usitumie mchanga wala mkaa. Hivyo hukwangua enameli.

Pili, punguza mara za kula sukari. Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, si katikati. Baada ya kula muwa au ubuyu wa sukari, kunywa maji. Mtoto akitaka kitu cha kutafuna, mpe karanga akiwa mkubwa wa kutosha, au kipande cha tango au karoti. Usimlaze mtoto na chupa ya chai au uji wa sukari mdomoni.

Tatu, fungua mdomo kabla haujauma. Ukienda zahanati kwa jambo lolote, omba utazamwe na meno.

Katika baadhi ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji yana floraidi kupita kiasi. Watu waliokulia huko huwa na meno ya kahawia. Rangi hiyo peke yake si kuoza. Mtu asing'oe jino kwa ajili ya rangi.

TUNDU HUZIBWA, SI LAZIMA KUNG'OA

Watu wengi huogopa matibabu wakidhani ni koleo tu. Si hivyo. Jino lenye tundu linaweza kuzibwa.

Iko njia ya kuziba isiyohitaji umeme wala mashine. Mganga hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza tundu kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za afya ya kinywa za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vijijini. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi zote. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wa mahali kama petu, tuitumie. Uliza zahanati yako ikuelekeze mahali penye mganga wa meno.

Usimimine maji ya betri wala mafuta ya taa ndani ya jino. Huunguza ufizi na kuua jino. Usiweke aspirini juu ya ufizi. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini haizibi tundu.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja ya haya:

Uvimbe wa shavu, au chini ya kidevu, au unaopanda kuelekea jicho.

Homa pamoja na maumivu ya jino.

Kushindwa kufungua mdomo au kumeza.

Kupumua kwa shida.

Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mtu anaweza kufa kwa jino.

MWISHO WA HABARI YA BINTI

Yule binti nilimpa dawa ya kuua vijidudu, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya siku ile ile. Huko walimtoa usaha na kung'oa jino. Baada ya wiki moja alirudi shuleni. Amepona, lakini upande ule wa kulia ana pengo.

Nilikwenda nyumbani kwao kuwaona. Bibi yake ana genge dogo mbele ya nyumba. Anauza nyanya, dagaa, chumvi na pipi. Bibi aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nampa pipi. Kila akipita, moja. Nilikuwa nampa kwa mapenzi."

Nikamjibu, "Bibi, hukujua. Hata mimi niliyesoma sikutazama."

Tukamwita mdogo wake yule binti, mwenye miaka 7. Tulitazama kwa tochi, bibi akishika tochi. Kwenye lile gego la miaka sita kulikuwa na doa jeupe kama chaki. Hakuna tundu. Tulikuwa tumewahi.

Nimemtazama tena mtoto huyo baada ya miezi sita. Doa limekuwa gumu, linang'aa. Siku hizi akipita gengeni, bibi humpa karanga. Usiku humsugua magego mwenyewe. Nami meza yangu ya zahanati sasa haikosi tochi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisoma ili watende. Nasi tusome habari hii, kisha tuwashe tochi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani vinne vinavyoungana mpaka jino likaoza? Ni kipi tunachoweza kukipunguza upesi zaidi nyumbani kwetu?

2. Kwa nini jino lililooza linaweza kuacha kuuma?

3. Katika kikundi chetu, nani ana mtoto wa miaka 6 au 7? Je, ameliona gego lile la nyuma?

4. Shuleni kwetu watoto hununua nini wakati wa mapumziko? Wauzaji wanaweza kuleta nini badala yake?